Manyoya ya Waseme

Mwezi huu tumepewa nafasi ya kuandika habari za familia, tukaona tuseme jambo ambalo wengi wanalicheka: manyoya ya mbwa ndani ya nyumba. Tunaomba mcheke mkifika mwisho, si sasa. Kwetu sisi jambo hili lilitufikisha kwa mwenyekiti wa kijiji, likatufikisha kwa muuguzi, na karibu limgombanishe mama na watoto wake.

Nyumba yetu ni ya udongo, chumba kimoja kilichogawanywa na pazia la kitenge. Tunalala humo watu watano: mama, sisi vijana wawili, dada yetu mdogo, na kitinda mimba wa miaka sita. Magodoro, mkeka, masufuria, madaftari ya wanafunzi tunaowafundisha, vyote viko hapo hapo. Unyoya mmoja ukianguka hauna pa kwenda. Asubuhi unafagia, jioni umerudi. Unaukuta kwenye blanketi, kwenye kikombe, hata katikati ya daftari la hesabu.

Mbwa mwenyewe hatukumtafuta. Mwaka 2023 mzee jirani yetu, aliyengoja miaka mingi, alipata safari ya kwenda Marekani. Usiku wa mwisho alikuja na kamba mkononi, na kwenye kamba kulikuwa na mbwa wake jike, wa kahawia, kifua cheupe. Akasema, "Nyinyi bana bangu, huyu hawezi kupanda ndege na mimi. Alinilinda hapa tangu mke wangu alipokufa. Nawaachia. Musimuuze, musimuue." Tukamwahidi. Nani angekataa usiku kama ule? Asubuhi gari lilipoondoka, mbwa alikimbia nyuma yake mpaka barabara kubwa, kisha akarudi peke yake akalala mbele ya mlango wetu.

Jina lake ni Waseme. Mzee alimpa jina hilo kwa sababu ya majirani wa zamani waliomsema kwamba anafuga mbwa wakati watu wana njaa. Akasema basi, waseme. Jina hilo lilikuja kutuletea matata, tutaeleza.

Mwanzoni alilala nje. Alipozaa watoto wanne, mvua zilikuwa kali, tukaona huruma tukamwingiza ndani. Wawili walikufa, mmoja tulimpa mtu, mmoja alibaki, tukamwita Askari. Lakini Waseme hakutoka tena nje. Mlango ukifunguliwa tu, yuko kwenye mkeka. Na hapo ndipo manyoya yalipoanza kuanguka kama majani ya muhogo wakati wa jua kali. Ukimpapasa mgongoni, mkono unarudi umevaa koti.

Sisi tunaofundisha tulipata aibu ya kwanza. Manyoya meupe yanaonekana kwenye suruali nyeusi, ya kahawia yanaonekana kwenye shati jeupe. Hatukubaki na nguo ya kujifichia. Siku moja tukiandika ubaoni, sauti ndogo nyuma ikauliza, "Mwalimu, ulilala na imbwa?" Darasa lote likacheka, na sisi tukacheka nao, lakini moyoni tuliona haya.

Tulimuuliza bwana mifugo aliyekuja kuchanja mbwa kijijini. Tulifikiri Waseme ana ugonjwa. Alimkagua ngozi, masikio na kwapa, akasema hapana upele wala kupe wengi. Akatueleza kwamba kila unyoya unakua, unapumzika, kisha unaanguka ili mwingine uote. Katika nchi zenye baridi kali mbwa wengi huangusha manyoya mengi kwa msimu, kwa sababu mwili wao hufuata urefu wa mchana. Sisi hapa tuko karibu sana na ikweta, mchana ni masaa kama 12 mwaka mzima, kwa hiyo manyoya yanaanguka kidogo kidogo kila mwezi. Na mbwa jike akishazaa na kunyonyesha, anaangusha mengi kwa wakati mmoja.

Akauliza anakula nini. Tukasema posho. Akauliza na nini tena. Tukanyamaza. Tangu mgao ulipopunguzwa mwaka 2020, na tena mwaka 2021, kila nyumba inahesabu kikombe cha unga. Mbwa anapata ukoko wa sufuria. Bwana mifugo alisema unyoya unajengwa na vyakula vya kujenga mwili, na mbwa anayenyonyesha kwa posho tupu lazima manyoya yake yaharibike. Akatushauri tutafute vichwa vya dagaa, wale ambao hapa wanaitwa mukene. Havikuwa bei, maana wanaouza wanavitupa. Baada ya miezi kama miwili manyoya ya Waseme yalianza kung'aa na kuanguka kulipungua. Hakukuisha, kulipungua tu.

Sasa tuje kwa jirani. Upande wa kulia wa nyumba yetu anakaa mama mmoja wa Kisomali. Aliishi Kenya miaka mingi, Kiswahili chake ni safi kuliko chetu. Tulikuwa tunasalimiana vizuri, halafu akaacha kutuitikia. Hatukujua kosa. Siku moja mwenyekiti akatuita. Tukamkuta yule mama amekaa, uso umefungwa. Akasema, "Mwenyekiti, kwanza manyoya ya mbwa wao yanapeperuka mpaka kwenye nguo zangu za kuswalia. Pili, kila jioni wanasimama mlangoni wanapaza sauti, Waseme! Waseme! Nani aseme? Ni mimi wananipiga vijembe?"

Mwenyekiti alicheka mpaka akavua kofia. Sisi tulitaka ardhi itumeze. Tukamweleza kwamba ni jina la mbwa, tumelirithi, na jioni tunamwita aje ale. Mama akatuangalia, akaangalia mwenyekiti, mwishowe na yeye akacheka, lakini akasema ya manyoya bado hayajaisha. Na kweli hayakuwa yameisha. Alitueleza kwa upole kwamba katika madhehebu yao ya Shafi mbwa ni najisi. Akilamba chombo, kinaoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo ni kwa udongo. Unyoya mkavu ukiangukia nguo kavu, anauondoa tu, lakini hawezi kuswali ukiwa juu ya nguo yake. "Basi fikirini," akasema, "mara tano kwa siku nakagua nguo unyoya mmoja mmoja, na macho yangu si ya msichana."

Hapo tulielewa. Sisi tuliona ni uchafu wa kawaida, kumbe tulikuwa tunamsumbua mtu katika ibada yake. Tuliomba msamaha, tukaapa kumchana Waseme kila Jumamosi nyuma ya nyumba, mbali na upande wake, na kuzika manyoya shimoni badala ya kuyaacha kwenye upepo. Pia tuliufunga uzio wa matete katikati. Siku hizi jioni yule mama akichelewa kusikia sauti yetu, yeye mwenyewe anauliza, "Leo hamumwiti Waseme?"

Hayo yote yalikuwa madogo. Kubwa lilikuja mvua za mwezi wa kumi na moja.

Kitinda mimba alianza kukohoa usiku. Mchana anacheza mpira wa makaratasi vizuri, usiku kifua kinapiga filimbi na anakaa kitako kutafuta hewa. Mama alikuwa anamwegemeza kifuani mpaka alfajiri. Usiku wa tatu alisema, "Ni hiyo imbwa yenu. Kesho inaondoka." Sisi tukajibu kwamba tulimwahidi mzee, na kwamba mafua yako kila nyumba wakati wa mvua. Mama akasema neno ambalo hatutalisahau: "Mumechagua imbwa kuliko mutoto?"

Hatukuwa na jibu. Tulitoka nje tukakaa na Waseme kwenye giza. Tulikumbuka usiku ule mwizi alipokuja kukata kamba ya mbuzi wetu wawili, na Waseme peke yake ndiye aliyeamka. Wale mbuzi ndio ada ya dada yetu. Tulikumbuka pia mzee. Anapopiga simu kutoka Marekani, kabla ya kuuliza habari zetu anauliza, "Waseme anakula?" Binti yake bado yuko hapa. Alitegemea kumfuata baba, lakini mwaka 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na safari za wengi zikakwama. Tukajiuliza, mtu ambaye mtoto wake yuko mbali, tutamwambiaje kwamba hata mbwa tumemfukuza? Lakini kila tukifikiri hivyo, tulisikia kikohozi ndani.

Asubuhi tulikwenda na mtoto kituo cha afya. Muuguzi alisikiliza kifua, akasema dalili ni za pumu. Kabla ya dawa aliuliza maswali mengi. Munapika wapi? Tukasema wakati wa mvua ndani, kwa kuni. Nani analala chini? Mtoto. Godoro linaanikwa lini? Tukaangaliana. Kuna mnyama ndani? Mama akajibu haraka, "Wawili!"

Muuguzi akatufundisha jambo ambalo hatukulijua. Mara nyingi si unyoya wenyewe unaoleta shida. Ni vijiganda vidogo vya ngozi ya mbwa, kama mba wa kichwani, pamoja na mate na mkojo wake, vinavyoshika kwenye manyoya kisha vinaruka hewani na kujificha kwenye blanketi. Mtu ambaye mwili wake unavikataa, kifua kinabana. Wengine hawapati chochote. Lakini akasema tusimlaumu mbwa peke yake, kwa sababu moshi wa kuni, vumbi na mafua nayo yanaamsha pumu. Alitupa dawa ya kuvuta kwa kinywa, akatuonyesha jinsi ya kuitumia. Akatuonya kwamba mtoto akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mbavu zikiwa zinaingia ndani, au midomo ikibadilika rangi, tusingoje asubuhi.

Tukaamua kujaribu. Waseme na Askari walipelekwa kwa rafiki yetu anayelima karibu na ziwa, kwa wiki mbili. Kwa wiki hizo mbili mtoto aliendelea kukohoa. Sisi vijana, tuseme ukweli, tulifurahi. Tulirudi kwa muuguzi na kifua mbele: "Mbwa hayuko na kikohozi kiko, kwa hiyo si mbwa." Muuguzi akauliza kama tulifua blanketi na kuanika magodoro. Hapana. Akasema vile vijiganda vinaweza kukaa ndani ya nyumba miezi mingi baada ya mnyama kuondoka. "Mumefunga mlango na mwizi bado yuko ndani," akasema.

Jumamosi iliyofuata tulitoa vitu vyote nje. Magodoro yalipigwa fimbo na kuanikwa juani kutwa nzima, na mtoto tulimpeleka kwa shangazi ili asivute vumbi. Tulifua blanketi na pazia. Tulinyunyiza maji kabla ya kufagia, kwa sababu ukifagia pakavu unayarusha manyoya juu na yanashuka tena usiku. Kisha tukasiriba sakafu upya kwa udongo. Manyoya yaliyotoka chini ya magodoro na kwenye pembe yalijaa nusu ndoo. Mama alisimama akaiangalia ile ndoo, hakusema kitu. Na sisi hatukusema kitu. Jiko tulilihamishia nje, chini ya kibanda cha mabati mawili yaliyochakaa.

Tulikubaliana hivi. Askari abaki kule ziwani, maana rafiki yetu alimpenda na kwetu chakula cha mbwa wawili hakipatikani. Waseme arudi, lakini asivuke mlango. Tukamjengea kijumba cha matofali mabichi, juu shitingi iliyotoboka.

Ilikuwa kosa letu kuiacha ile shitingi hivyo. Usiku mmoja mvua ikamwagika, na Waseme akalia mlangoni kama mtu. Dada yetu mdogo, wa miaka kumi, aliamka akamfungulia bila kutuambia, akalala naye kwenye mkeka karibu na mdogo wake. Saa nane za usiku mtoto alishindwa kusema hata neno "mama" lote. Tuliikimbilia dawa, haikutosha. Tulimfunga kwenye shuka mgongoni, tukatafuta bodaboda kwenye matope, tukafika kituoni tumelowa wote. Walimpa hewa na dawa, na kulipopambazuka akaomba uji. Hatujawahi kusikia sauti tamu kama ile ya kuomba uji.

Tuliporudi, dada alikuwa amejificha nyuma ya choo. Alijua kosa lake, alifikiri atapigwa, na alifikiri Waseme atauawa. Mama hakumpiga. Alimshika mkono akampeleka kwenye kile kijumba, akachungulia ndani, akaona maji yamejaa. Akatugeukia sisi wakubwa: "Nyinyi ndio mulikosa. Mulimwambia alale hapa, na hapa hapalaliki. Mutoto aliona huruma peke yake juu nyinyi hamukuiona." Siku hiyo hiyo tuliinua kile kijumba kwa mawe, tukaweka bati zima lililokuwa la jiko, na tukatandika majani makavu. Tangu siku ile Waseme hajalia tena mlangoni.

Kwa familia nyingine zenye mbwa, haya ndiyo tunayofanya sasa, na hayana gharama kubwa. Kwanza, tunamchana nje kila wiki kwa kitana cha zamani, na manyoya tunayazika. Pili, hatufagii pakavu. Tatu, magodoro na mikeka inatoka juani kila jua likipatikana. Nne, majani ya kulalia mbwa tunayabadilisha na kuyachoma, kwa sababu viroboto na funza wanapenda kukaa pale, na funza wa mbwa ndio hao hao wanaoingia kwenye miguu ya watoto. Tano, tukimgusa tunanawa kabla ya kula. Sita, manyoya yakitoka kwa mabaka, ngozi ikiwa nyekundu au na magamba, hiyo si kawaida. Inaweza kuwa upele au mapunye, na vyote viwili vinaambukiza watu. Mwoneni bwana mifugo. Tumeona wengine wanampaka mbwa oili chafu ya gari. Tafadhali acheni, mbwa anailamba na ni sumu.

Na la mwisho, chanjo. Mbwa achanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka na kadi itunzwe. Mtoto akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Dalili za kichaa zikishaanza karibu hakuna anayepona, lakini chanjo ikiwahi inaokoa.

Kitinda mimba bado ana pumu. Hatutawadanganya kwamba tulimponya kwa ufagio. Lakini usiku mwingi sasa analala mpaka asubuhi, na dawa yake ipo karibu na taa. Manyoya bado tunayakuta moja moja, kwa sababu upepo na nguo zetu zinayaleta. Mama akiliona moja kwenye sahani analitoa, anasema, "Waseme amekuja kusalimia," basi tunaendelea kula.

Mwezi uliopita mzee alipiga simu. Tulikuwa tumeogopa muda mrefu kumwambia, lakini tulimweleza yote: Askari ameenda ziwani, na Waseme tumemtoa nje. Alinyamaza, tukafikiri mtandao umekatika. Halafu tukasikia anacheka. "Bana bangu," akasema, "hata kwangu alilala nje miaka yote. Ni nyinyi mulimwingiza ndani!"

Kisha akauliza kama kawaida, "Lakini anakula?"

Anakula, mzee. Na sisi tunapumua.

Tunawatakia wote mwezi mwema, na nyumba zenye hewa safi.